Kwa Nini Wanachuo Wanauliza Habari za Waliokufa



Katika vijiji vyetu vingi wamekwisha kupita vijana wenye begi mgongoni na karatasi za maswali mkononi. Siku hizi wengine hubeba kishikwambi. Wanabisha hodi, wanapewa kigoda, wanasalimia. Halafu wanaanza. Jana usiku walilala wangapi humu ndani? Mama, umezaa mara ngapi? Walio hai ni wangapi? Waliofariki ni wangapi? Yule wa mwisho aliumwa nini, na aliumwa siku ngapi?

Maswali haya huchoma. Mama aliyezika mtoto mwezi uliopita humtazama kijana yule na kujiuliza: huyu ametumwa na nani kuja kunihesabia msiba wangu? Tena wazee wetu wengi walitufundisha kwamba watoto hawahesabiwi kwa kidole kama mbuzi. Ukiulizwa una watoto wangapi unajibu "wapo", basi, yanaishia hapo.

Katika somo la leo tutaona vijana hawa wanasoma nini huko vyuoni. Somo lao ni idadi ya watu na afya. Wataalamu huita elimu ya idadi ya watu demografia. Neno ni kubwa, lakini kazi yenyewe tunaweza kuielewa, na mwisho wa somo tutaifanya wenyewe kwa kalamu na karatasi.

MAMBO MATATU TU

Ukiliondolea somo hili maneno makubwa, linabaki na mambo matatu. Watu huzaliwa. Watu hufa. Watu huhama. Hakuna njia nyingine ya kijiji kuongezeka wala kupungua. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka mitatu kwa shahada ya kwanza, na wengine huendelea na shahada ya uzamili, wakijifunza kuyapima mambo hayo bila kudanganyika. Maana kudanganyika ni rahisi sana.

Tuchukue mfano. Vijiji viwili vinapakana. Mwaka jana kijiji cha kwanza kilizika watoto wachanga 6. Kijiji cha pili kilizika 9. Ni wapi hali ni mbaya zaidi? Mtu wa haraka atasema ni kijiji cha pili, kwa sababu 9 ni nyingi kuliko 6. Lakini hebu tuulize kwanza: walizaliwa wangapi? Kijiji cha kwanza ni kidogo, walizaliwa watoto 60. Kijiji cha pili ni kikubwa, walizaliwa 180.

Sasa tupige hesabu. Tunagawanya 6 kwa 60, kisha tunazidisha kwa 1,000. Tunapata 100. Tunagawanya 9 kwa 180, tunazidisha kwa 1,000. Tunapata 50. Maana yake ni hii: kwa mwendo wa mwaka jana, kijiji cha kwanza kinapoteza watoto 100 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Kijiji cha pili kinapoteza 50. Kijiji kidogo, kilichoonekana kina nafuu, kina hatari mara mbili.

Kama wilaya ina mafuta ya gari ya kufika kijiji kimoja tu mwezi huu, gari liende wapi? Bila hesabu hii lingekwenda penye makaburi mengi. Jibu hilo lingekuwa kosa, na watoto wangelipa kosa hilo.

Hesabu hiyo huitwa kiwango cha vifo vya watoto wachanga, yaani watoto waliokufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Ni kugawanya na kuzidisha kule kule tulikojifunza kwenye kisomo. Chuo kikuu hakina kugawanya kwa aina nyingine.

Kwa njia kama hiyo taifa zima hupimwa. Mwaka 1991 na 1992 ulifanyika uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika nchi yetu ya Tanzania. Ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 141 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi 43. Wazee waliozaa wakati ule na mabinti wanaozaa sasa wanaweza kukaa pamoja wakasimuliana, na tofauti hiyo wataikuta katika hadithi zao. Hata hivyo 43 siyo sifuri.

Na idadi ya watu wote je? Sensa ya mwaka 1967 ilipata watu milioni 12.3 Tanzania nzima. Ya mwaka 1978 ilipata milioni 17.5. Ya mwaka 2022 ilipata milioni 61.7. Katika miaka 55 tumekuwa mara tano. Wako watu wanaodhani sababu ni kwamba wanawake wa siku hizi wanazaa kupita bibi zao. Sivyo. Uchunguzi wa 1991 na 1992 ulionyesha wastani wa watoto 6.2 kwa kila mwanamke. Ule wa 2022 ulionyesha 4.8. (Msiulize huyo mtoto wa nane ya kumi ni yupi. Ni wastani tu: watoto wa wanawake wengi wamejumlishwa na kugawanywa sawa.) Kuzaa kumepungua, lakini watoto wengi zaidi wanaishi, wanakua, nao wanazaa. Hapo ndipo ongezeko linapotoka.

Wanachuo wana njia ya mkato ambayo na sisi tunaweza kuitumia. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu waliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Gawanya 70 kwa 3.2. Unapata karibu 22. Ukiendelea mwendo huo huo, watu watakuwa mara mbili kwa miaka kama 22. Sasa fikiria shule ya kijiji chako, kisima chako na shamba lako la urithi. Mwenyekiti wa kijiji anayejua hesabu hiyo hapangi madarasa ya watoto wa leo peke yao.

MWUZA NGUO WA LONDON

Elimu hii haikuanzia chuo kikuu. Zamani mji wa London, huko Uingereza, ulipata tauni mara kwa mara. Kila wiki yalitolewa majina ya maradhi yaliyoua watu na idadi ya waliokufa. Wanawake wazee ndio waliotumwa majumbani kuitazama maiti na kusema imekufa kwa ugonjwa gani. Matajiri walisoma karatasi hizo ili wajue wakati wa kukimbia mji, kisha wakazitupa.

Mtu mmoja aitwaye John Graunt hakuzitupa. Hakuwa daktari, wala hakuwa profesa. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo na vitu vya ushonaji. Alikusanya karatasi za miaka mingi, akazijumlisha kama anavyojumlisha mali ya dukani. Mwaka 1662 alitoa kitabu. Alionyesha kwamba wavulana huzaliwa kuwazidi wasichana kidogo, na kwamba kwa makisio yake katika kila watoto 100 wa London 36 walikufa kabla ya kufika miaka sita. Kabla ya hapo kila mzazi aliona msiba ni wa nyumba yake peke yake.

Tumemtaja mtu huyu kwa sababu moja. Alichokuwa nacho ni kusoma, kuandika, kujumlisha na uvumilivu. Wasomaji wetu wanavyo vyote.

DEGEDEGE LA RUFIJI

Sasa turudi nyumbani. Kujua kwamba mtoto amekufa haitoshi, lazima tujue amekufa kwa nini. Hapa ndipo somo la idadi linapokutana na somo la afya.

Watu wengi wa vijijini walikuwa wakifia nyumbani, na wengine bado wanafia nyumbani. Hakuna daktari aliyewaona, hakuna karatasi ya hospitali. Zahanati nayo huandika wale tu waliofika. Ukipanga bajeti kwa daftari la zahanati peke yake, umewasahau walioshindwa kufika, na mara nyingi hao ndio waliokuwa na shida kubwa kuliko wote.

Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya na washirika wake walifanya kazi katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini ili kujaribu njia nyingine. Huko Rufiji, tangu mwishoni mwa 1998, nyumba za eneo kubwa lenye watu zaidi ya 80,000 zilitembelewa kila baada ya miezi minne. Nani amezaliwa? Nani amehamia? Nani amehama? Nani amefariki? Penye msiba, baada ya siku za matanga kupita, alikuja mtu aliyefundishwa kuzungumza na wafiwa kwa upole. Aliuliza ugonjwa ulivyoanza. Homa ilikuwapo? Mtoto alipumua vipi? Aliharisha? Shingo ilikaza? Mlikwenda wapi kwanza kutafuta dawa, na mkaenda wapi baadaye? Majibu yaliandikwa, kisha yalisomwa na madaktari, nao wakakisia sababu ya kifo. Ni uchunguzi wa maiti bila kisu: maiti imekwisha kuzikwa, lakini walioiuguza wanakumbuka.

Katika mahojiano kama hayo neno moja lilirudi tena na tena: degedege. Wazazi walisema mtoto alishikwa na homa, macho yakageuka, mwili ukakakamaa, akatupatupa mikono na miguu. Wengine walilihusisha na ndege wa usiku, wengine na shetani. Wapo walioshika sana kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo walimpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji, akafukizwa na kukandwa dawa. Zahanati ilifuata baadaye, au haikufuata kabisa.

Daktari akisoma maelezo yale anaona mara nyingi malaria kali iliyopanda kichwani. Tuseme wazi hapa hapa, maana jambo lenyewe halingoji: mtoto mwenye homa akishikwa na degedege anatakiwa kukimbizwa kituo cha afya saa ile ile, usiku au mchana. Sindano au dripu atakayopewa huko ndiyo inayomwokoa. Imani kwamba sindano inaua ilitokana na jambo ambalo watu waliliona kweli kwa macho. Watoto walifikishwa wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafa. Lililowaua ni kuchelewa.

Lakini jambo ambalo sisi tunaliona kubwa zaidi ni la fedha. Wataalamu walijumlisha vifo vyote wakapima kila ugonjwa unapoteza miaka mingapi ya maisha. Mtoto wa mwaka mmoja akifa, inapotea miaka mingi ambayo angeiishi. Mzee wa miaka 80 akifa, inapotea michache. (Wazee wasikasirike. Hii haisemi kwamba maisha ya mzee ni ya bei rahisi. Ni njia ya kuonyesha mahali ambapo kifo kimekuja mapema mno.) Katika wilaya ya Morogoro Vijijini ikaonekana kwamba malaria ilichukua kama asilimia 30 ya miaka yote iliyopotea. Wakaifungua bajeti ya afya ya mwaka 1996. Malaria ilikuwa imetengewa asilimia 5.

Hakuna aliyeiba. Fedha ziligawanywa kwa mazoea, mwaka huu kama mwaka jana. Hakuna aliyeona kosa kwa sababu hakuna aliyekuwa na hesabu ya vifo vya nyumbani.

Walipoona hivyo, wilaya zile zilibadilisha mipango. Waganga wa zahanati walifundishwa kumwangalia mtoto mgonjwa mzima mzima, yaani homa yake, pumzi yake, kuharisha kwake na lishe yake, badala ya kumtibu homa peke yake. Vyandarua vyenye dawa vilihimizwa. Fedha zilizoongezwa hazikuwa nyingi: zilifika kama senti 80 za dola ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Huko Rufiji, kati ya 1999 na 2000, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila 1,000 waliozaliwa. Jirani, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wa Ifakara walifuatilia vyandarua vyenye dawa tangu 1997, wakaona kwamba watoto waliovitumia walikuwa na nafasi ya kuishi kubwa zaidi kwa asilimia 27.

Kwa hiyo mama wa Rufiji aliyekubali kumweleza mgeni jinsi mtoto wake alivyokufa alisaidia kuigeuza bajeti. Hakujua siku ile. Pengine hajaambiwa mpaka leo, na hilo tutalisema mbele.

NDUGU NI NANI?

Huko chuoni vijana hutumia muda mwingi kujifunza namna ya kuuliza. Mtu anaweza kudhani kuuliza ni kazi rahisi. Hebu tuone.

Mwanachuo anataka kujua wanawake wangapi hufa kwa uzazi. Aliyekufa hawezi kuulizwa. Basi hutumika njia ya kuwauliza walio hai habari za dada zao: mama yako alizaa watoto wangapi, dada zako wangapi wamefariki, na kati yao nani alifariki akiwa mjamzito, au akijifungua, au karibuni baada ya kujifungua. Njia ni nzuri. Lakini kwa Kiswahili neno "dada" linakwenda mbali. Binti wa mama mkubwa ni dada. Binti wa baba mdogo ni dada. Hata jirani tuliyekua naye ni dada. Mdodosaji asiposema wazi "waliozaliwa na mama yako mzazi, tumbo moja", kifo kimoja kitatajwa na watu kumi, nacho kitaandikwa mara kumi.

Neno "mtoto" nalo ni hivyo hivyo. Mzee atasema ana watoto kumi na wawili, kumbe wanne ni wa marehemu kaka yake. Kwa adabu zetu amejibu sawa kabisa, na ingekuwa aibu kuwabagua. Kwa hesabu ya uzazi, watoto wanne wamehesabiwa mara mbili.

Umri ndio mtihani mkubwa. Katika sensa watu wengi mno huwa na miaka 30, 35, 40, 45, 50. Wenye 41 na 43 wanakuwa wachache ajabu, kana kwamba miaka hiyo hawakuzaliwa watoto. Sababu ni kukisia. Ndiyo maana makarani wa sensa hupewa kalenda ya matukio. Bibi hajui mwaka aliozaliwa, lakini ukimwuliza "wakati wa Uhuru, mwaka 1961, ulikuwa umevunja ungo?" atajibu mara moja. Vivyo hivyo Azimio la Arusha la 1967, kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kifo cha Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Kila wilaya huongeza njaa zake na mafuriko yake. Ukiwa na mzee nyumbani, kaa naye jioni moja muutafute mwaka wake kwa njia hiyo, halafu uuandike mahali pasipopotea.

Tena si lazima waulizwe watu wote kila mara. Sensa huuliza wote, na huja kama mara moja kwa miaka kumi. Katikati huchaguliwa nyumba chache. Mpishi anayetaka kujua kama chumvi imetosha hanywi sufuria zima. Anakoroga vizuri, anaonja kijiko kimoja. Kukoroga ndiyo siri. Mwanachuo akichagua nyumba zilizo kando ya barabara kwa sababu jua ni kali, ameonja juu juu bila kukoroga. Nyumba za bondeni, ambako wajawazito hubebwa kwa machela, hazimo. Kwa hiyo mkiona kijana ametembea kilomita nane kuitafuta nyumba moja iliyoandikwa kwenye orodha yake na kuzipita nyingine zote, msimcheke. Anafanya kazi yake vizuri.

NANI ANAWEZA KUSOMA SOMO HILI?

Wazazi hutamani mtoto awe daktari wa sindano, maana huyo anaonekana. Wanaohesabu hawaonekani. Lakini njia ipo kwa mtoto wa kijijini anayependa hesabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha takwimu na demografia. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, mahali ambapo mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963, kina skuli ya afya ya jamii. Pia kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam, ambako wapo wanaoanza na cheti kabla ya kufikiria shahada. Milango yote hii inadai hesabu. Binti anayeambiwa darasani kwamba hesabu ni za wavulana anafungiwa milango hiyo mapema, naye angefaa sana, kwa sababu kuna maswali ya uzazi ambayo mama zetu hawawezi kumjibu mwanamume.

Chuo kikuu na afya ya kijiji si wageni kwa kila mmoja. Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na wakati ule Taasisi hiyo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

HAKI YA MWENYE NYUMBA

Sasa tuseme na upande wa pili. Wanavijiji hulalamika hivi: "Wanakuja, wanauliza, wanaondoka na daftari, hatuwaoni tena." Sisi tunaona malalamiko hayo ni ya haki. Mtu amekupa habari za kaburi la mwanawe. Wewe umepata shahada kwa habari hizo. Kurudi siku moja kwenye mkutano wa kijiji na kusema "tulikuta hivi" si kazi kubwa. Watafiti wengine hurudi, na tunawashukuru. Wasiorudi waulizwe. Serikali ya kijiji inaweza kuliweka jambo hilo mapema, kabla maswali hayajaanza: mtatuletea lini majibu, na nani atatusomea?

Mwenye nyumba naye ana haki zake. Utafiti wa afya unaogusa watu unatakiwa kuwa na kibali, na katika Tanzania Bara vibali hivyo hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, au kamati za taasisi zinazotambuliwa nayo. Omba kuona barua. Siku hizi unaweza kuisoma mwenyewe. Uliza jina langu litakwenda wapi. Una ruhusa ya kukataa, na una ruhusa ya kuruka swali moja linalokuumiza na kujibu mengine. Lakini ukikubali kujibu, jibu kweli. Kumficha mtoto aliyekufa kwa sababu ya uchungu tunaelewa. Kumficha kwa kuwa alikufa kabla ya kupewa jina, mkaona "huyo hakuwa mtu bado", kunafanya hesabu iseme kwamba kijijini kwenu wajawazito na wachanga hawana shida. Nayo fedha itakwenda kwingine.

Wala tusingoje wanachuo. Sheria inataka kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe ndani ya siku 90, na kifo ndani ya siku 30. Afisa mtendaji atakuelekeza pa kuanzia. Na kijiji chenyewe kinaweza kuwa na daftari lake, kila kitongoji na mtu wake wa kuandika. Mhitimu wa kisomo anaweza kazi hiyo.

ZOEZI

Fanyeni hesabu hii katika kikundi. Ni ya mfano tu, siyo ya kijiji fulani.

Daftari la kijiji linaonyesha kwamba katika miaka miwili walizaliwa watoto 80. Kati yao 4 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Tafuta kiwango cha vifo kwa kila 1,000.

Katika mkutano mkunga wa jadi anasimama. Anasema kuna watoto wengine 3 aliowapokea yeye. Walilia, wakaishi siku mbili tatu, wakafa kabla ya kupewa jina. Walizikwa kimya kimya nyuma ya nyumba. Hawakuandikwa kwenye waliozaliwa, wala kwenye waliokufa. Sahihisha daftari, kisha tafuta kiwango upya. Halafu zungumzeni: watoto watatu hawa walifariki katika siku za kwanza za maisha. Je, kijiji kifanye nini kwa ajili ya wajawazito na wachanga ambacho daftari la kwanza lisingekuonyesha?

Majibu ya hesabu: Mara ya kwanza ni 4 gawanya kwa 80, zidisha kwa 1,000, sawa na 50. Mara ya pili waliozaliwa ni 83 na waliokufa ni 7. Gawanya 7 kwa 83, zidisha kwa 1,000. Jibu ni 84 na kitu.